Usimwulize habari, mwulize filamu

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu."

Hapo panaingia kimya. Yeye anakohoa kidogo, mimi natazama dirishani kana kwamba kuna kitu kinapita. "Haya basi, tuombe uzima." "Amina, baba." Simu imekwisha. Dakika moja na sekunde chache, na muda wa kuita umo humo humo. Kila mmoja katimiza wajibu wake, na hakuna aliyejua lolote jipya kuhusu mwenzake.

Tuliishi hivyo karibu miaka mitatu, tangu mama alipotutoka. Kabla ya hapo sikujua kwamba mimi na baba hatujui kuongea, maana mama ndiye aliyekuwa kituo cha habari. Nikipiga simu ya baba, anapokea mama. Ananieleza nani anaumwa, nani kaoa, baba kanuniana na nani wiki hii, kisha anapaza sauti: "Mwanao huyu, njoo sema naye!" Sauti ya baba inatoka mbali: "Mwambie nimemsikia." Kituo kilipofungwa tukabaki wasikilizaji wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake atangaze.

Kama nawe una simu ya namna hiyo, iwe ya mzazi, ya ndugu, au ya rafiki wa zamani mliyebaki kutumiana salamu za sikukuu, haya nakuandikia wewe. Nilichopata ni njia ya pembeni, na wala sikuitafuta. Niliiangukia, na kuanguka kwenyewe kulikuwa kuanguka kweli.

Nilikuwa nashuka ngazi huku macho yako kwenye simu, nasoma ujumbe ambao haukutoka hata kwa mtu, ni tangazo la mkopo. Nikaamini nimefika chini, kumbe imebaki ngazi moja. Kifundo cha mguu kikavunjika. Nikafungwa plasta, nikaambiwa wiki sita: mguu juu ya mto, magongo pembeni, kazi baadaye.

Wiki ya kwanza nilitazama filamu kama mtu anayelipwa kwa idadi. Tatu kwa siku, siku nyingine nne. Kufika Ijumaa sikuweza kusema nani alimsaliti nani katika ipi. Ndipo baba akapiga, kwa sababu dada yangu alimweleza habari za mguu.

"Sasa unashindaje?"

"Natazama filamu tu, baba."

"Filamu gani?"

Swali hilo halikuwamo katika yale tuliyozoea kuulizana. Nilikaa sawa kwenye kochi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza 12 Angry Men, ile ya mwaka 1957 aliyoiongoza Sidney Lumet. Nikamsimulia: wanaume 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kali, feni haizunguki, na wanatakiwa kuamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa kumwua baba yake ana hatia. Wakipiga kura ya kwanza, 11 wanasema anayo, mmoja anasema hapana. Na karibu filamu nzima imo humo humo chumbani. Baba akanisikiliza bila kukohoa, kisha akauliza: "Wakamtia hatiani, au wakamwacha?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. "Tazama mwenyewe, baba. Mwambie mjukuu wako akuwekee." Mtoto wa dada yangu anaishi naye, na katika nyumba ile yeye ndiye waziri wa rimoti.

Jumapili baba akapiga tena. Tuliongea dakika 19. Najua kwa sababu nilipokata nilitazama simu nikadhani imeharibika.

Hakusema kama ameipenda. Alianza na joto. Nikamweleza jambo ambalo Lumet mwenyewe alilieleza baadaye, kwamba kadiri filamu inavyosonga alibadilisha lenzi, akahamia zile ndefu zinazofanya kuta zionekane zimesogea, na kamera iliyoanza juu ya usawa wa macho akaishusha kidogo kidogo hadi chini yake, ili dari nalo lianze kuwaelemea watu. "Ndiyo maana nikafungua vifungo vya shati," baba akasema. Kisha akamgusia yule mzee mbishi wa mwisho, anayechana picha aliyopiga na mwanawe. (Samahani, nimeshamwaga uhondo. Lakini filamu ina zaidi ya miaka 60, deni la siri limeshaisha muda wake.)

"Yule hakuwa anamhukumu kijana wa mahakamani," baba akasema. "Alikuwa anamhukumu mwanawe wa nyumbani."

Nikasema naam.

"Mimi na babu yako tulikaa miaka minne hatusemezani. Ulijua?"

Sikujua. Nimeishi na mtu huyu miaka 18 chini ya paa moja, na nimempigia simu kila wiki tangu nihame, sikujua. Ningemwuliza "habari za babu enzi hizo" angenijibu nzuri. Ilibidi apite mtu mwingine kabisa, mzee wa kwenye skrini, ndipo habari ipate mlango wa kutokea.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika makala hii, mengine ni maelezo ya namna ya kulitumia. Watu wawili wakitazamana uso kwa uso, kila neno lina uzito wa kesi. Wakitazama wote kitu cha tatu, wanasema ya kwao bila kujua wameyasema. Maoni ya mtu kuhusu filamu, hata yale ya juu juu, ni taarifa ya mtu huyo. Ukimsikiliza vizuri utajua kalala saa ngapi, anamwogopa nani, anamkumbuka nani.

Basi tukaanza zamu. Filamu moja kwa wiki, wiki hii nachagua mimi, wiki ijayo anachagua yeye, kila mtu anatazama kwake kwa muda wake, Jumapili jioni tunaongea. Moja tu. Mimi niliyekuwa nameza nne kwa siku naapa kwamba moja inatosha, kwa sababu filamu inahitaji siku mbili tatu za kukaa tumboni kabla hujawa na la kusema. Tena weka simu mbali unapotazama. Mimi nilishalipia somo hilo kwa mfupa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa majivuno. Nilisoma kwamba jarida la Uingereza linaloitwa Sight and Sound, ambalo kila baada ya miaka 10 huwauliza wakosoaji filamu bora ya wakati wote, mwaka 2022 liliiweka namba moja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Nikaona hiyo ndiyo ya kumwonyesha baba kwamba mwanawe kasoma. Ina dakika 201. Inamfuata mama mmoja mjane siku tatu nyumbani kwake: anatandika kitanda, anaosha vyombo, anamenya viazi, na kamera inatulia pale pale mpaka amalize. Nilisinzia. Nikazinduka, yumo jikoni. Nikasinzia tena, nikazinduka, yumo jikoni. Kwenye daftari langu nikaandika neno moja, "Inachosha," nikajiandaa kumwomba radhi mzee wangu siku ya Jumapili.

Baba alikuwa ameitazama yote kwa jioni mbili.

"Umeona siku ya pili viazi vinavyomharibikia?" akauliza. Nikasema nimeona, nikiwa sijaona. "Siku ya kwanza kila kitu kiko mahali pake. Siku ya pili kitu kidogo tu kimeteleza, naye hajui aweke wapi mikono." Akanyamaza. "Mama yako alikuwa na utaratibu wake. Mimi nilidhani nyumba inajiendesha."

Halafu akanieleza, kwa mara ya kwanza, jinsi miezi ile ya mwanzo alivyokuwa akisimama jikoni na sufuria mkononi asijue aanzie wapi, na jinsi alivyomkatalia dada yangu msaada kwa kuona aibu. Nilisikiliza nikiwa nimeshika daftari lenye neno "Inachosha". Filamu ilikuwa ile ile. Mimi niliitazama saa tano usiku, mguu unawasha ndani ya plasta, nimeshiba dawa za maumivu. Yeye aliitazama akiwa mjane.

Tangu siku hiyo sitoi maoni ya filamu bila kwanza kusema nilikuwa katika hali gani, nami nakushauri ufanye hivyo. Usiseme "filamu mbovu". Sema, "Nilikuwa nimechoka, nikaikuta inakokota." Kauli hiyo ya pili ina adabu kwa filamu, ina ukweli, na zaidi ya yote inamfungulia mwenzako njia ya kukuuliza: umechoshwa na nini?

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa za mistari. Kila filamu ina mistari miwili. Wa kwanza ni wa filamu, wa pili ni wa siku. Mfano huu ni wa wiki ya tatu ya plasta:

"Bicycle Thieves, 1948. Baba alipompiga mtoto kofi nikasimamisha, nikaenda kunywa maji. / Plasta inawasha. Nimeingiza rula nijikune, imekwama."

Rula ilikaa humo siku mbili mpaka nilipokwenda kliniki, na muuguzi aliyeitoa alinipa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini tazama: leo nikisoma mistari hiyo naikumbuka filamu yote. Namkumbuka Lamberto Maggiorani, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani hadi mwongozaji Vittorio De Sica alipomchukua, na pengine ndiyo maana anatembea kama mtu anayetafuta baiskeli kweli na si kama steringi. Nakumbuka shuka za kitandani zilizowekwa rehani ili baiskeli ikombolewe. Filamu hiyo nayo iliwahi kuwa namba moja kwenye kura ile ile ya Sight and Sound, ile ya kwanza kabisa, mwaka 1952. Miaka 70 kati ya kura ile na ile iliyoiweka juu filamu ya viazi, na filamu zote mbili zinahusu mambo ya nyumbani tu: kazi, mtoto, jiko. Najiambia kwamba wanaotuonea haya kwa kuchanganya habari za filamu na habari za mguu unaowasha hawajui sinema.

Kabla ya hapo nilikuwa naweka nyota. Tatu, nne, mbili na nusu. Nikirudi kuzisoma hazinikumbushi chochote. Nyota tatu nilizotoa mwezi wa pili zilikuwa za nini? Vilevile usitishwe na asilimia za mitandaoni. Ile namba ya Rotten Tomatoes watu wengi wanaisoma kama alama za mtihani, lakini sivyo: asilimia 90 maana yake ni kwamba wakosoaji tisa kati ya kumi waliiona inafaa. Filamu ambayo kila mtu kaiona "si mbaya" inaweza kuishinda ile iliyowapasua watu katikati, nusu wakaipenda mpaka kulia na nusu wakaichukia. Na hiyo ya pili ndiyo yenye mazungumzo. Ukitaka filamu ya kutazama na mtu msiyeongea naye, tafuta ile inayogombanisha kidogo.

Kuhusu maswali. "Uliipenda?" ni ndugu yake "habari?", jibu lake liko tayari kabla hujamaliza kuuliza. "Umejifunza nini?" ni mbaya zaidi, hilo ni la mwalimu wa zamu. Baada ya majaribio mengi, swali lililonilipa kuliko yote ni "Nani kakukera?" Mtu akianza kusema nani kamkera hawezi kuishia kwenye filamu. Siku moja baba alikerwa na mhusika mdogo sana, karani fulani anayemwambia mteja "njoo kesho". Dakika tano baadaye nilikuwa nasikiliza habari ya faili lake la kiinua mgongo, linalozungushwa ofisi hadi ofisi kwa miezi minane, jambo ambalo hata dada yangu hakuwa ameambiwa. Swali lingine zuri ni "Wapi ulitaka kusimamisha?" Mengine utayapata mwenyewe.

Sasa niungame kosa la pili, ambalo lilinigharimu Jumapili mbili.

Zamu ya baba ilifika, akachagua filamu ya mapigano ya zamani, ya zile ambazo steringi anapigana na watu 40, anatoka na mkwaruzo mmoja shavuni, na bastola yake haiishi risasi. Nikaitazama nikicheka. Jumapili nikaanza kumchambulia: hadithi haina kichwa, sauti ya ngumi kama mtu anapiga godoro, yule adui kafa mara mbili. Nilikuwa nafurahi kweli, nadhani nilijiona mkosoaji. Baba akasema, "Haya, ni ya kizamani." Akaaga. Wiki iliyofuata simu ilirudi kuwa ya dakika moja. Na iliyofuata vivyo hivyo.

Dada ndiye aliyenipasulia. "Wewe hujui hiyo ndiyo filamu ya kwanza aliyompeleka mama?"

Nilipiga simu siku hiyo hiyo, haikuwa hata Jumapili. Nikamwomba samahani, nikamwomba anisimulie siku hiyo ya sinema. Alisita, kisha akasimulia, hadi jinsi mama alivyofumba macho kwenye kila ngumi na kumwuliza yeye "kashinda?". Kwa hiyo, filamu aliyoichagua mwenzako usiipige teke kabla hujajua aliitazama na nani mara ya kwanza. Unaweza kuikosoa, mbona mimi na baba tunabishana hadi leo. Lakini uliza kwanza.

Jambo la kumwaga uhondo nalipitia haraka, kwa sababu watu wanaligombania kuliko linavyostahili. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock aliweka sharti kwa filamu yake Psycho kwamba mtu akichelewa haruhusiwi kuingia ukumbini filamu ikishaanza. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakielezwa mwisho kabla ya kusoma, na walioelezwa ndio waliofurahia kidogo zaidi. Mimi niko na Hitchcock. Si kwa sababu ya filamu, bali kwa sababu lile swali la baba, "wakamtia hatiani au wakamwacha?", lingejibiwa siku ile, dakika 19 zile zisingekuwapo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naona haya kuisimulia.

Plasta ilishatolewa, nimerudi kazini nikichechemea, na desturi yetu ya Jumapili inaendelea. Baba akaanza kulalamika kuhusu picha. Mara ya kwanza alisema filamu inaonekana "kama igizo la mchana". Hilo nililijua: televisheni nyingi za kisasa zina mpangilio unaobuni picha za katikati na kuzichomeka, wakati filamu kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kila kitu kinateleza mno mpaka kinapoteza ladha ya sinema. Mwigizaji Tom Cruise mwenyewe alitoa video mwaka 2018 akiwasihi watu wauzime. Nikamwelekeza mjukuu kwa simu, akauzima, nikajipongeza.

Wiki iliyofuata: maandishi ya chini ni madogo. Nikamwelekeza mjukuu akayakuza. Wiki nyingine: filamu ina gizagiza. Tukaongeza mwanga. Wiki nyingine tena: "Hawa watu wa sinema siku hizi, kila taa wameizungushia miali." Nikamweleza kwa kirefu kuhusu lenzi na mitindo ya wapiga picha. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Kisha zamu yangu ikafika, nikachagua Perfect Days ya Wim Wenders, ya mwaka 2023. Kōji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa kuigiza humo mtu anayeitwa Hirayama, msafishaji wa vyoo vya umma jijini Tokyo. Anaamka, anamwagilia mimea yake, anavaa ovaroli, anasikiliza kanda za kaseti garini, anasugua vyoo kama mtu anayeng'arisha vito, na mchana anapiga picha mwanga unaopenya kwenye majani ya miti. Basi, ndiyo filamu. Nilidhani baba ataipenda kupita zote, mtu wa utaratibu kama yule.

"Nzuri," akasema. Lile neno letu la zamani.

"Nani kakukera, baba?"

"Hakuna. Ila hiyo miti yenu nimeona ukungu tu. Yule bwana wa ovaroli nyeusi anapiga picha ukungu."

Usiku huo nikiandika mistari yangu miwili, nilirudi nyuma kurasa chache nitafute jambo jingine kabisa. Nikaona. Jumapili nne mfululizo, kwenye mstari wa filamu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: maandishi madogo, gizagiza, taa zina miali, ukungu. Kumbe nilikuwa nimeyaweka kwenye mstari usio wake. Hazikuwa habari za filamu. Mimi niliyejifanya kujua kwamba maoni ya mtu ni taarifa yake, nilipopewa taarifa nilimtuma mtoto akabonyeze rimoti.

Nilimpigia dada saa nne usiku. Akaniambia jambo ambalo naye hakuwa amelipa uzito: baba ameacha kutoka jioni, anasema kuna baridi. Wiki hiyo akampeleka kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya jicho yenyewe ndiyo iliyofanya ukungu na kugeuka manjano, ndiyo maana taa zinaonekana zina miali na rangi zinafifia. Daktari akasema wengi huchelewa kugundua kwa sababu hakiumi kitu na giza linaingia polepole, mtu anazoea. Tena ni ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, na unatibika kwa operesheni fupi: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia.

Nilimwuliza baba kwa nini hakusema. "Si nilikuwa nakwambia kila Jumapili?" akajibu. Sijui kama alikuwa anatania.

Walianza na jicho la kulia. Nilichukua likizo nikaenda kukaa naye siku tano, na kwa siku hizo hatukutazama filamu yoyote, tuliongea tu, na kimya kilipoingia kilikuwa kimya cha kawaida cha watu waliokaa sebuleni. Niliporudi kwangu tukaruka Jumapili moja, kwa sababu ya dawa za matone na masharti ya kutojichosha.

Jumatano baada ya hapo, saa tatu usiku, simu ikaita. Hakungoja hata shikamoo.

"Wewe, kumbe ovaroli ya yule bwana ni ya buluu!"

"Yupi, baba?"

"Wa vyoo. Nimeirudia. Ni ya buluu kabisa. Na miti ina majani moja moja."